Katika Mlinganyo Huu, Mvuvi Yuko Wapi?

Kila mwaka, somo la ikolojia linapofika juma la sita, huandika ubaoni milinganyo miwili mifupi, kisha hunyamaza kidogo ili wanafunzi wainakili. Wa kwanza unasema kwamba windo huongezeka lenyewe kwa kuzaana, na hupungua kila linapokutana na mbuai. Wa pili unasema kwamba mbuai huongezeka kwa kula, na hufa kwa njaa asipopata cha kula. Hakuna zaidi ya hapo. Ukiichora kwa kufuata miaka, hupata mawimbi mawili yanayofukuzana: windo hupanda, mbuai hupanda nyuma yake, windo hushuka kwa kuliwa, mbuai hushuka kwa njaa, na windo, likiisha kupata nafuu, huanza kupanda tena.

Wanafunzi huupenda mchoro huu kuliko michoro yote ya muhula. Nadhani huupenda kwa sababu una haki ndani yake. Mwenye kula kupita kiasi huadhibiwa bila hakimu, na aliyeonewa hurudi mahali pake bila kukata rufaa. Kwa vijana ambao wazazi wao wana kesi za mashamba zilizoanza kabla wao hawajazaliwa, hilo si jambo dogo.

Lakini vijana hawa hawabaki darasani. Baada ya miaka mitatu watakuwa walimu wa sekondari, maofisa uvuvi, maofisa mipango wa halmashauri, na wachache watagombea udiwani. Mchoro wa mawimbi mawili huondoka nao. Nimehudhuria vikao vya kutosha vya wadau wa ziwa kulijua sikio linaposikia mwangwi wake: mtu mwenye cheo husimama na kusema kwamba samaki wamepungua, ndiyo, ila huo ni mzunguko wa asili, ziwa litajirudi lenyewe. Ninaandika makala haya kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya wale watakaokalia kiti chake.

Vitabu tunavyovitumia huthibitisha milinganyo hiyo kwa mfano wa Kanada. Kampuni ya Hudson's Bay ilinunua ngozi za wanyama kwa muda mrefu sana na kuweka kumbukumbu zake, na katika kumbukumbu hizo sungura wa theluji na linksi, yule paka wa mwituni anayemla, hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takribani miaka 10. Ni mfano mzuri. Ila mwanafunzi aliyekulia Magu hajawahi kuiona theluji, na mara moja huuliza kuhusu simba na nyumbu, maana lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma na basi hulipita kila siku.

Basi tunakwenda Serengeti, na Serengeti inatukatalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Kilichotokea si kwamba simba walipungua. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Tangu hapo kinachowazuia nyumbu ni majani ya kiangazi zaidi ya meno ya simba. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaotokana na mbwa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na nyumbu hawakulipuka. Mbuai alipungua, windo halikujali. Wanafunzi huandika hayo kwa masikitiko kidogo.

Halafu huwageuza viti vyao, kwa maneno tu, waelekee dirishani, kwa sababu jaribio kubwa zaidi la mbuai na windo ambalo binadamu amewahi kulifanya katika maji baridi lilifanyika huko nje, katika Ghuba ya Mwanza, na waliolifanya hawakujua kuwa ni jaribio.

Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na kupandikizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 upande wa Uganda na Kenya, katika mamlaka ya watu waliotaka samaki mkubwa wa biashara na wa kuvuliwa kwa mchezo mahali pa samaki wadogo waliowaona hawana thamani. Hao wadogo ndio furu. Msomaji wa umri wa wanafunzi wangu huenda hajawahi kuwala: samaki wa kiganja, wenye miiba, waliokaushwa juani na kupikwa kwa karanga. Walikuwa aina zipatazo 500, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wachunguzi wa udongo wa chini ya ziwa wanasema ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, maana yake ni kwamba utajiri huo wote wa aina ulichipuka katika muda ambao kwa viumbe wenye uti wa mgongo ni sawa na kufumba na kufumbua. Kulikuwa na furu wala konokono, furu wala vimelea, furu wakwangua mwani, furu waliokula magamba ya wenzao, na furu waliomvamia mama mwenye watoto mdomoni ili wamnyang'anye.

Kwa miaka zaidi ya 20 sangara alikuwapo na hakuna lililoonekana kubadilika. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa upande wa kaskazini na katikati ya muongo huo huku kwetu, alilipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, ambao walikuwa wameanza kuwachunguza furu hapa Nyegezi mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na wataalamu wetu, walijikuta wakiandika kumbukumbu za msiba. Walikuja kuhesabu aina. Wakahesabu kutoweka kwake. Kabla ya muongo kwisha, nyavu zao za utafiti katika maji ya wazi ya ghuba zilikuwa zinapanda na sangara, na furu karibu hakuna. Aina zinazokadiriwa kufika 200 ama zilitoweka ama zilibaki chache mno kuonekana.

Hapo ndipo huwauliza darasa: mlinganyo wa pili unasema nini sasa? Hujibu kwa pamoja kwamba sangara atakufa njaa, windo litapata nafuu, wimbi litapanda tena. Ni jibu sahihi kabisa kwa mujibu wa ubao. Sangara hakufa njaa. Aligeukia uduvi mdogo wa ziwani, akageukia dagaa, na akala watoto wake mwenyewe. Mlinganyo unadhani mbuai ana sahani moja. Mbuai mwenye sahani nne anaweza kuimaliza ya kwanza mpaka ionekane sakafu yake, na asikonde.

Lazima niwe mwadilifu kwa sangara pia. Hakufanya yote peke yake. Furu walikuwa tayari wanakombwa kwa nyavu za kukokota kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki, na maji yenyewe yalikuwa yanabadilika: mbolea, kinyesi, na udongo wa mashamba yasiyo na miti uliingia ziwani, mwani ukastawi, hewa ya oksijeni katika vilindi ikapungua. Maji yalipoingia ukungu, jambo moja la kusikitisha kwa namna ya pekee likafuata. Furu jike humchagua dume kwa rangi. Mahali ambapo nyekundu na buluu hazitofautiki tena, aina mbili zilizokuwa majirani kwa vizazi huchanganyika na kuwa moja, bila yeyote kuliwa na yeyote.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi kuifundisha. Haikuishia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, ndege za mizigo zikaanza kupeleka samaki Ulaya, na sangara, ambaye wavuvi wa huku walikuwa wameshambatiza jina la Mkombozi, akaanza kuvuliwa kwa nguvu ambayo hakuwahi kukutana nayo. Idadi yake ikashuka. Na furu, baadhi yao, wakarudi.

Kurudi huko ni lazima kuelezwe vizuri kwa sababu ndiko kunakopotosha. Kulitabiriwa, kwa namna fulani, tangu mwaka 1926. Umberto D'Ancona, mwanabiolojia wa Kiitalia, alikuwa amepitia takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatic na kukuta jambo lililomshangaza. Katika bandari ya Fiume, papa, taa na jamaa zao walikuwa asilimia 11.9 ya samaki walioletwa sokoni mwaka 1914. Mwaka 1918, baada ya vita kuwazuia wavuvi kwa miaka minne, walikuwa asilimia 36.4. Kwa nini kupunguza uvuvi kuwanufaishe wabuai kuliko mawindo yao? Alimpelekea swali hilo Vito Volterra, mwanahisabati mkubwa ambaye alikuja kuwa mkwewe, na Volterra akalijibu kwa milinganyo ile ile ninayoiandika ubaoni, ambayo Alfred Lotka wa Marekani alikuwa ameifikia mwaka uliotangulia kwa njia yake. Jibu ni kwamba ukivua wote wawili kwa pamoja, wastani wa mbuai hushuka na wastani wa windo hupanda. Ukiacha kuvua, kinyume chake.

(Volterra huyo, nawaambia wanafunzi kila mwaka ingawa haimo kwenye mtaala, ndiye aliyekataa mwaka 1931 kula kiapo cha utii ambacho serikali ya kifashisti iliwataka maprofesa wote wakile. Walikuwa zaidi ya 1,200. Waliokataa walikuwa kama 12. Alipoteza kiti chake cha uprofesa Roma. Siku hiyo huwa hakuna anayechezea simu.)

Ghuba ya Mwanza, basi, ilikuwa Adriatic iliyopinduliwa: huko uvuvi ulisimama na wabuai wakastawi, huku uvuvi ulikaza na mawindo yakapumua. Ofisa wetu wa kwenye kikao atasema, si mnaona, limejirudi. Ila angalia waliorudi ni akina nani. Ni wachache kati ya wale mamia, hasa waliokula vijidudu vinavyoelea na mabaki ya chini. Wala konokono wengi hawakurudi kama walivyokuwa, wala wala samaki wenzao. Na hata waliorudi hawakurudi na miili ile ile. Furu mmoja mdogo aliyechunguzwa sana katika ghuba hii, ambaye jina lake la kisayansi linamsema kuwa na kichwa chenye rangi ya moto, alionekana tena akiwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zake, kwa kuwa sasa anaishi katika maji yenye hewa haba. Idadi ilirudi. Aina hazikurudi. Milinganyo ya ubaoni ina herufi ya idadi na haina herufi ya aina.

Mwaka jana, nilipofika hapo, mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Ukerewe aliinua mkono. Alisema, "Samahani, Dokta. Katika milinganyo hii miwili, mvuvi yuko wapi?"

Nilimwambia kwamba Volterra alimweka kama kiasi kisichobadilika, mkono unaochota kutoka pande zote mbili kwa kadiri moja. Hakuridhika. Alisema kwao mvuvi hachoti kwa kadiri moja. Samaki wakiwa wengi huenda karibu. Wakipungua huenda mbali, hulala kisiwani, hubadilisha nyavu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu, kwamba yeye alichelewa kujiunga na chuo mwaka mmoja kwa sababu nyavu za baba yake zilichomwa moto katika operesheni.

Nyuma yake alikaa mwanafunzi wa umri mkubwa kidogo, ofisa uvuvi aliye masomoni kwa ruhusa ya mwajiri wake. Naye aliinua mkono. Alisema, "Dada yangu, pole sana. Lakini mimi ndiye ninayepima macho ya nyavu hizo. Sheria inakataza sangara aliye chini ya sentimita 50, na mimi nimeona ndoo zimejaa samaki wa urefu wa mkono wa mtoto. Nisipochoma, nani ataniambia nilitakiwa kufanya nini?"

Darasa lilinyamaza. Wengi wao wanaikumbuka Operesheni Sangara ya mwaka 2018, moshi wa nyavu katika mialo, mitumbwi iliyokamatwa, faini. Nilijua kwamba nikifunga daftari wakati ule wangetoka wakiwa makundi mawili, na chuo kisingekuwa kimewafaa kwa lolote. Nikawarudisha ubaoni.

Tuseme, niliwaambia, kwamba binadamu ni mbuai wa tatu. Je, anatii mlinganyo wa pili? Linksi sungura wakipungua hufa au hukosa kuzaa. Mvuvi samaki wakipungua angepaswa, kwa mantiki hiyo, kuacha uvuvi, na sangara wapumzike. Kwa nini haachi? Hapo wao ndio walionifundisha. Wa Ukerewe alieleza kwamba nyavu, injini na mafuta hutolewa kwa mkopo na tajiri au wakala, na mkopo hulipwa kwa samaki na si kwa fedha. Kuacha kuvua ni kukiri deni. Mwingine, ambaye shangazi yake huuza mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishaondolewa, alisema bei ya samaki hupanda kadiri wanavyopungua. Wa tatu akataja mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara, hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong, na kwa uzito wake hushinda thamani ya mnofu kwa mbali. Samaki mmoja mkubwa aliyebaki anaweza kustahili safari ambayo zamani ilihitaji mtumbwi uliojaa.

Yaani windo likipungua, chakula cha mbuai huyu huongezeka thamani. Hafi njaa kwa wakati. Mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, alieleza mwaka 1954 jinsi uvuvi usio na mlango huendelea mpaka faida ya mvuvi iwe sifuri, ila faida ya mvuvi ndiyo inayofika sifuri kwanza, si ya wakala, wala ya kiwanda, wala ya msafirishaji. Mwenye sahani nyingi hakondi. Tulishaliona hilo kwa sangara. Kiwanda kikikosa sangara mkubwa huchukua wa wastani, kikikosa wa Mwanza hutafuta wa mkoa mwingine. Mvuvi wa Ukerewe ana sahani moja.

Na sheria yetu hukutana na nani? Hukutana na yule aliye mwaloni. Sisemi nyavu haramu ziachwe. Kokoro linalokokotwa katika mazalio huua kizazi kizima, na ofisa yule alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza. Nasema kwamba nyavu hizo zina kiwanda au duka zilikotoka, zilikatwa risiti, zilipita mpakani au bandarini, na samaki mchanga aliyevuliwa kwazo alikuwa na mnunuzi aliyesubiri na mizani. Ukichoma wavu na kumwacha muuzaji wa wavu na mnunuzi wa samaki, hujabadilisha herufi yoyote katika mlinganyo. Umeongeza deni la baba wa binti yule, na deni ndilo litakalomrudisha ziwani na wavu wa macho madogo zaidi, kwa kuwa ndio wa bei nafuu.

Hili pia ndilo linalonitia shaka juu ya neno "kupumzisha" linalopendwa siku hizi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kwa samaki wanaozaa haraka, hatua kama hiyo ina maana ya kibiolojia. Huku Victoria dagaa ni wa jamii hiyo, hukua na kuzaa ndani ya mwaka, na ndiyo maana leo ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani, pamoja na mvuto wote walionao walishaji wa kuku na wa vizimba. Sangara si wa jamii hiyo. Jike huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutaga. Na ukimpumzisha sangara bila kugusa kitu kingine, Volterra amekwisha kukwambia atakayelipa ni nani: furu wachache waliorudi, na dagaa ambaye ndiye kitoweo cha maskini kutoka Bunda hadi Lubumbashi. Huenda bado likawa jambo jema kufanya. Lakini lifanywe na mtu anayejua kwamba anachagua kati ya samaki wawili, na kati ya watu wanaowategemea, wala asijifiche nyuma ya neno mzunguko.

Niliwapa kazi ya nyumbani isiyo ya kawaida: waende wawili wawili soko la Mwaloni, Kirumba, alfajiri, wamfuate samaki mmoja kutoka mtumbwini hadi mahali anapotoweka machoni pao, na waandike kila mkono uliomshika na kilichobaki katika mkono huo. Niliwapanga mwenyewe. Binti wa Ukerewe nilimweka na ofisa uvuvi. Hawakufurahi, wala hawakukataa.

Waliporudi, karatasi yao ilikuwa na milinganyo mitatu badala ya miwili. Wa tatu ulikuwa wa mvuvi, na mahali ambapo mbuai hufa kwa njaa walikuwa wameifuta herufi ile na kuandika nyingine, kisha wakaifafanua chini kwa mwandiko wa ofisa: "Deni, kwa msimu." Kando yake, kwa mwandiko wa binti, kulikuwa na mshale uliotoka nje ya ukurasa na swali: "Wa nne ni nani, na kwa nini hatujapata ruhusa ya kuingia ghalani kwake?"

Niliwapa alama 17 kati ya 20. Tatu nilizishikilia kwa sababu hawakusema walivyolipima hilo deni, na wote wawili wamekuja ofisini kwangu, pamoja, kukata rufaa.